Migomba Niliyoipanda Mezani

Siku mwenzangu alipobandika ukutani picha ya Rungwe nzima isiyo na wingu hata moja, nilisingizia simu nikatoka nje. Hakuna aliyekuwa amenipigia. Nilisimama koridoni nimeweka simu sikioni, nikisema "ndiyo, ndiyo" peke yangu, huku nikisikia wenzetu ndani wakipiga makofi. Nasema mapema ili msomaji asije akanitafutia neno la heshima: haikuwa huzuni wala uchovu. Ulikuwa wivu mtupu.

Kazi yangu ni kutazama mimea kutoka juu. Setilaiti hupita, hupiga picha, nami hukaa Dar es Salaam chini ya feni nikizisoma. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Ukilinganisha hiyo miwili, unajua pale chini kuna majani mengi au machache, yameshiba au yana kiu. Ni kazi nzuri sana, ila ina adui mmoja, naye ni wingu. Na mimi nimezaliwa Rungwe, mahali ambapo nguo zinaanikwa kwa imani. Miaka yote ya masomo yangu ya udaktari wa falsafa nilifungua picha za nyumbani nikakuta weupe: hapa bega la mlima, pale robo ya shamba la chai, kwingine kote wingu. Nilikusanya vipande hivyo mwaka baada ya mwaka, nikavishona pamoja kama fundi wa viraka, na bado ramani yangu ilikuwa na matobo.

Mwenzangu alichagua rada. Rada haingoji jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapenya wingu, yanagonga majani na shina, yanarudi na habari. Alipoanza nilimcheka. Nilimwambia picha zake zimejaa chengachenga kama televisheni ya zamani. Akacheka naye, akasema, "Tutaona, Dokta." Alianza kuniita Dokta kabla sijawa, kwa utani. Udaktari wenyewe akaupata yeye kwanza, lakini jina akaniachia mimi, na kila alipolitamka nilisikia kama ananisukuma kidogo begani.

Laiti angekuwa mtu wa mbali, pengine nisingeumia vile. Lakini yeye naye ni wa Rungwe. Mimi ni wa kijiji cha Kawetele, mtoto wa wakulima, nyumba yetu ilikuwa imezungukwa na migomba hata mgeni aliona moshi wa jiko kabla ya kuona bati. Yeye ni binti wa mjini Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, baba yake ana duka la majembe, makarai na misumari. Babu yake alikuja kutoka pwani akiwa kijana na cherehani yake, akaoa, akazeeka, akazikwa hapohapo Tukuyu. Tulisoma sekondari moja. Katika jiografia alinizidi kila muhula, na kila muhula nilijiambia kwamba nilikuwa na malaria.

Kilichoniudhi kuliko alama ni Kinyakyusa chake. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, nikarudi nakielewa lakini nakijibu kwa Kiswahili. Yeye alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake, akiwahudumia mabibi waliotoka vijijini na vikapu vyao, na mabibi hawakuwa na habari na Kiswahili cha kitabuni. Akakijua mpaka na maneno ya kutaniana. Nilikuwa nikimsikia dukani akiwachekesha wateja, mimi nimesimama na mama yangu tukisubiri jembe, nami nawaza: huyu amechukua kitu changu, na hata hajui kwamba ni changu.

Kwa hiyo taasisi yetu ilipopata kazi ya kutengeneza ramani ya mazao ya Rungwe, niliitaka kama mtu anayedai shamba la baba yake. Kuongoza kazi ile ndiko kulikokuwa mbele yangu tangu nianze kusoma. Tulibaki wawili walioiomba: mimi na yeye. Kwenye kikao, mkuu wa idara, mama asiyependa maneno mengi, alituuliza kila mmoja kwa nini apewe. Mwenzangu alieleza rada yake. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi ndiye mwenyeji. Ningeishia hapo, lakini mdomo ulikuwa na safari yake. Nikaongeza, "Mwenzangu ni mtaalamu hodari, hilo silikatai, ila kwao ni pwani."

Aliitazama kalamu yake, akaifunga kifuniko, akaiweka mezani polepole. Nilijua nimemchoma, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilifurahi.

Mkuu wa idara hakumpa mtu yeyote kazi siku ile. Alisema kila mmoja atengeneze ramani yake, na kila mmoja akusanye nukta za uwandani, yaani aende kwenye mashamba, asimame mahali, apime kwa simu yuko wapi, aandike anachokiona: chai, mgomba, mahindi, msitu. Kisha tubadilishane. Ramani yangu ipimwe kwa nukta zake, ramani yake ipimwe kwa nukta zangu. Ambaye ramani yake itasimama, huyo ataongoza.

Nilikwenda Tukuyu kukusanya nukta zangu. Nilipanga chumba Makandana, palepale mjini, siku nne, na mvua ilininyeshea zote nne. Nilifanya kazi kwelikweli, sitaki nionekane mvivu. Nilipanda na kushuka makorongo, nikateleza, nikapoteza ndala moja kwenye tope, nikajaza fomu zilizolowa hadi zikawa kama chapati. Siku ya tano gari la taasisi lilikuwa linarudi, na kilikuwa kimebaki kijiji kimoja tu ambacho sikukifikia: Kawetele, kwetu. Mama yangu alikuwa pale, mwendo wa pikipiki usiofika hata nusu saa. Mara ya mwisho nilikuwa nimekwenda kumzika baba, na hiyo ilikuwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Nilitazama mvua, nikamtazama dereva aliyekuwa amekwisha kuwasha gari, nikapanda.

Kosa nililolifanya baada ya hapo mgeni asingeliweza. Mgeni angelazimika kwenda. Mimi nilikaa mezani kwangu Dar es Salaam, nikafungua picha kwenye kompyuta, na nukta za Kawetele nikaziweka kwa kichwa. Nilifumba macho nikatembea kutoka barabarani: kona ya kanisa, shamba la jirani yetu aliyekuwa akifuga nyuki, kisima, kisha kwetu. Mgomba, nikaandika. Mgomba, mgomba, mgomba. Nilipofika nyumbani niliweka nukta tatu, moja kila upande wa nyumba, na upande wa nne nikaacha kwa sababu ndiko kulikokuwa na choo. Hata tarehe niliandika. Sikuona kwamba nadanganya. Nilijiona kama mtu anayejaza fomu kuhusu mkono wake mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mwenzangu alikuja mezani kwangu na karatasi. Alikuwa ameipima ramani yake kwa nukta zangu.

"Dokta, nisaidie," akasema. "Ramani yangu inakubaliana na nukta zako kila mahali, isipokuwa Kawetele. Pale inakosea karibu zote. Wewe unasema migomba, rada inasema hapana. Jani la mgomba ni pana, linarudisha mawimbi kwa namna yake. Hapa siioni. Kuna nini pale?"

Furaha iliyonipata haikuwa nzuri, lakini ilikuwa tamu. Mashine yake, ile inayopenya mawingu, ilikuwa imeshindwa kwenye uwanja wa nyumba yetu. Nikaegemea kiti. "Pale ni migomba," nikasema. "Nimezaliwa chini yake."

"Una uhakika?"

"Wewe unaniuliza mimi habari za Kawetele?"

Akaikunja karatasi yake. Halafu akasema kwa upole, "Basi nitakwenda mwenyewe nikaone rada yangu inakosea wapi. Namaliza kazi zangu Ijumaa, naondoka."

Nilisema haya, safari njema. Alipotoka tu, furaha ile ikaisha. Lakini si kwa hofu, hilo ndilo jambo la ajabu. Sikuwaza hata kidogo kwamba nukta zangu zinaweza kuwa za uongo. Nilichowaza ni yeye kufika kwa mama yangu, na Kinyakyusa chake. Nilimwona akikaribishwa. Nilimwona akikaa kwenye kigoda changu. Nikaomba ruhusa siku ileile, nikasema mama anaumwa, Mungu anisamehe, nikakata tiketi ili nimtangulie.

Sikumtangulia. Basi langu liliharibika njiani tukapoteza nusu siku. Asubuhi niliyofika Tukuyu mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka la kuazima, nikachukua pikipiki hadi kona ya kanisa, nikashuka ili nitembee mwenyewe. Nilitaka kuingia nyumbani kwa miguu yangu, kama mwenye nyumba. Nikaipita kona, nikakipita kisima, nikaendelea kutembea nikitafuta migomba yetu, ile iliyoficha bati. Kila upande niliona miti mifupi yenye majani mazito ya kijani kilichoiva, imepandwa kwa mistari iliyonyooka, imening'iniza matunda. Parachichi. Nikawaza, hawa majirani wameendelea. Nikazidi kutembea.

Nyuma yangu nikasikia mtu akiita.

"Dokta! Umepita kwenu!"

Niligeuka. Mwenzangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la mama yangu, kisu mkononi, khanga kiunoni, kilemba chake kimekaa vizuri kama kawaida. Jiko lilikuwa lilelile, nyumba ileile, bati sasa likionekana kutoka barabarani. Kati yangu na nyumba palikuwa na mistari ya miparachichi. Mgomba sikuuona hata mmoja. Nilikuwa nimeipita nyumba niliyozaliwa, na aliyenirudisha alikuwa mtu niliyesema kwao ni pwani.

Mama alitoka. Alikuwa amepungua mwili, na nywele zilizochungulia chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe zote. Nikamwamkia, akanishika mikono yote miwili, akaniangalia usoni kwa muda, akaanza na salamu ya Kinyakyusa.

"Ugonile, mwanangu. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakuja huku, Mama."

"Huku umekuacha nyuma," akasema, akacheka, na mwenzangu akacheka naye, kisha akajikohoza akaingia jikoni.

Niliuliza migomba imekwenda wapi. Mama alishangaa kwelikweli.

"Si nilikuambia kwa simu? Migomba ilichoka. Ikawa inatoa ndisi kama vidole vya mtoto. Watu wote wa hapa wakang'oa, na mimi nikang'oa, nikapanda palachichi. Nikakupigia, nikakuambia, miche imeshika, mvua imeipenda. Ukasema, vizuri Mama."

Nilikumbuka. Sikuyakumbuka maneno yake, niliyakumbuka yangu. "Vizuri, Mama." Ndivyo nilivyomjibu kila Jumapili, macho yakiwa kwenye kompyuta, kidole kikisogeza picha za mawingu, nikitafuta upenyo wa kuona Kawetele. Aliyekaa Kawetele alikuwa sikioni ananieleza nini kimepandwa wapi, nami nilikuwa namsubiri amalize.

Tukakaa jikoni. Harufu ya ndizi mbichi zilizochemka na nyama ilikuwa imejaa, na ilinishangaza, maana shambani hapakuwa na mgomba. Nikauliza ndizi zimetoka wapi, nikidhani sokoni. Mama akaonyesha kwa kidevu dirisha la nyuma, upande ule wa choo ambao sikuuwekea nukta. Pale kilikuwepo kisiki cha mgomba kilichokatwa asubuhi ileile, utomvu bado unatoka.

"Shina moja nililiacha," mama akasema. "Lile ulilokuwa unajificha nyuma yake ukivunja sahani. Nikasema mkungu huu ni wako, ukija ule. Ukakomaa. Nilisikia uko Makandana, mama mmoja alikuona kwenye mvua na makaratasi. Nikauacha, nikasema kesho atapita. Ukaanza kugeuka manjano kule juu. Leo huyu binti amekuja, ameniamkia vizuri, amezunguka shamba lote anauliza, mama hapa kuna nini, mama hapa kulikuwa na nini. Nikamkatia."

Alisema bila hasira yoyote, akimenya kitunguu. Nadhani angenigombeza ningepata pa kushika. Mwenzangu alikuwa ameinama juu ya sufuria, anakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Hakuwa amejua kwamba nilifika Makandana bila kupita hapa, niliona kwenye uso wake, wala hakujua mkungu ulikuwa wa nani. Nilimwonea wivu wakati ule kuliko wakati wowote maishani. Rada, makofi na alama za jiografia vyote vilikuwa utoto. Huyu alikuwa ameketi kwa mama yangu asubuhi moja tu, na mama alikuwa amemwambia mambo mengi kuliko aliyoniambia mimi kwa miaka. Na chakula kilipopakuliwa, nilikila. Kilikuwa kitamu.

Baadaye mama akaenda kwa jirani kutafuta maziwa. Mwenzangu akatoa fomu kwenye mkoba. Alikuwa ameandika nukta zote za Kawetele upya, kwa mwandiko wake mdogo: parachichi, parachichi, mahindi, parachichi. Nukta tatu za nyumbani kwetu alikuwa amezipima ila hakuandika kitu. Sehemu ya zao ilikuwa wazi, na sehemu ya jina la aliyeshuhudia ilikuwa wazi.

"Mkuu sijamwambia chochote," akasema. "Hizi ni za kwenu. Ziandike mwenyewe."

"Tarehe niandike ipi?" nikauliza. Naona aibu kwamba hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Nilikuwa tayari nimeona njia: niseme nilikosea kusoma simu, nibadilishe kimyakimya, nukta zibaki zangu, kinyang'anyiro kiendelee. Alikuwa amenifungulia mlango huo kwa mkono wake, naye alijua.

"Utakavyoona, Dokta," akasema. Safari hii hapakuwa na utani ndani yake.

Nilitamani awe mbaya. Angekuwa mbaya kidogo tu, ningeutumia mlango ule bila kugeuka nyuma. Nilikaa na kalamu mpaka mama akarudi na maziwa. Mwisho nikaandika parachichi mara tatu, tarehe ya siku ile, na kwenye jina la aliyeshuhudia nikaandika jina lake. Yeye ndiye aliyeona. Mimi nilikuwa nimepita.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa idara kwamba nukta za Kawetele niliziweka mezani kwa kichwa. Aliniuliza kama kuna nyingine za namna hiyo, nikasema hakuna, akaniambia nirudie zote. Kazi ya kuongoza ramani alipewa mwenzangu. Ramani ipo sasa, imetundikwa koridoni nilikosimama na simu yangu ya uongo, na jina langu liko la pili. Nikipita huwa naitazama Kawetele. Rangi yake ni ya machungwa, maana yake parachichi, na haina tobo hata moja. Bado roho inaniuma. Watu husema wivu huisha ukikiri kosa. Wangu umepungua sauti tu.

Kilichobadilika ni simu za Jumapili. Sasa nafunga kompyuta kwanza. Namuuliza mama nini kimepandwa wapi, nami naandika kwenye daftari kana kwamba nitaulizwa. Jumapili iliyopita aliniambia kuna mgomba mpya nyuma ya jiko, umeshika vizuri, umetoa majani mapana. Nilijua bila kuuliza kwamba shina moja la mgomba ni dogo mno, hakuna setilaiti tunayoitumia itakayoliona, wala ya mwanga wala ya rada. Nikauliza chipukizi limetoka wapi.

"Aliniletea mwenzako," mama akasema. "Kwani hakukuambia? Hupitia hapa kila akija kwa baba yake."

Nikaiweka kalamu chini. Mama ananijua hata kwa simu.

"Sikiliza," akasema. "Huu nao utazaa. Na safari hii sitamwekea mtu. Mkungu ukikomaa, atakayefika kwanza ndiye nitakayemkatia."

Barua ya kuomba likizo nimeshaiandika. Iko mezani hapa, nimetaja sababu ya kweli, sehemu ya tarehe tu ndiyo nimeiacha wazi. Na kila Jumapili, kabla ya kuaga, namuuliza mama mgomba umefikia wapi.